Anza na Breki: Kuchagua Rili ya Kuvulia Besi Naivasha

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha waongozaji wa boti na wavuvi wa rodi hapa Naivasha. Wengi walikosa kufika kwa kuwa walikuwa majini na wageni, wakaniomba niyaandike yote. Nimeyaacha jinsi yalivyotoka mdomoni.

Wazee wa ufuo, akina mama wa samaki, vijana wa boti, na nyinyi mliofunga safari kutoka Nairobi na Nakuru, hamjambo? Wale wa nyuma sijawasikia. Hamjambo?

Asanteni. Nitajitahidi nimalize kabla upepo wa alasiri haujaamka, maana najua baadhi yenu mna wageni wa saa tisa.

Kazi yangu mnaijua. Natengeneza rili, kile kifaa cha rodi kinachokusanya uzi kwa kuzungushwa mpini. Mnaziangusha majini, mnazikalia kwenye boti, mnazifungua kwa kisu cha kuparia samaki, kisha mnaniletea vipande vimefungwa kwenye gazeti mkitaka ziwe tayari kesho asubuhi. Na hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza: "Fundi, rili gani ni nzuri?" Mimi nami humuuliza: nzuri kwa samaki gani? Kwenye maji gani? Mkononi mwa nani? Asiyeweza kujibu hayo matatu, hata ukimpa rili ya bei ya ng'ombe, umempa pambo.

Basi tuanze na samaki. Chuma kitafuata.

Besi, huyu wetu mwenye mdomo mpana, si mwenyeji wa hapa. Kwao ni Marekani Kaskazini. Alitiwa katika ziwa hili mwaka 1929 ili waliopenda mchezo wa kuvua kwa rodi wapate cha kuvua. Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu wa Louisiana, yule mwenye makucha, na hapo besi akawa ameletewa chakula cha nyumbani kwao hadi mlangoni. Mnashangaa kwa nini chambo bandia cha rangi ya kahawia iliyoiva, kinachoburuzwa polepole chini, hakikosi mteja? Jibu ni huyo kamba. Kisha kuanzia 2001 akaonekana karpu. Karpu anachimba matope kwa pua, maji yanavurugika, na kwa miaka mingi ndiye aliyejaza boti za nyavu huku besi akipungua. Nitamrudia karpu, maana ameharibu rili nyingi kuliko viboko.

Halafu maji yakapanda. Mnakumbuka 2020? Mnakumbuka mtaa wa Kihoto, watu wakitoa vitanda na masufuria kwa boti? Migunga iliyokuwa ufuoni, tuliyokuwa tukikaa chini yake kula mahindi, leo imesimama ndani ya ziwa, mikavu, matawi yamezama. Na besi anapenda nini? Anapenda kivuli. Anapenda mahali pa kujibanza ili aruke kwa ghafla. Ile miti imekuwa mtaa wake.

Kwa nini nawachosha na habari za ziwa mnalolijua kuliko mimi? Kwa sababu rili yenu haitafanya kazi kwenye picha iliyo juu ya boksi. Itafanya kazi hapa, kwenye migunga iliyozama, kwenye gugu maji linalosafiri na upepo, dhidi ya samaki ambaye mara nyingi ni wa kilo moja au mbili. Besi mkubwa kuliko wote katika vitabu vya rekodi za dunia ni wa kilo kumi na ushee. Alivuliwa na George Perry, jimbo la Georgia kule Marekani, mwaka 1932, na ikapita miaka 77 kabla Manabu Kurita hajamvua wa uzito kama huo katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Kilo kumi! Na huyo ndiye mfalme wa dunia nzima. Sasa wewe unayekuja ufuoni na rili ya kuvulia papa wa Malindi, unamwendea nani?

Shikeni hilo: samaki wetu ni wa wastani, mahali pake ndipo pabaya. Samaki wa wastani, mahali pabaya. Kila nitakalosema linatoka hapo.

Sasa, rili ya spini ni nini hasa? Ni ile inayoning'inia chini ya rodi, yenye upinde wa waya unaofunguka na kufungika. Siri yake ni moja: wakati wa kurusha, spuli, yaani kile kigogo kinachobeba uzi, haizunguki. Imetulia tuli, uzi unatoka wenyewe kwa kupita ukingoni. Jambo hili lina historia, na naipenda, kwa hiyo mtanivumilia.

Mwaka 1884 Mskochi mmoja wa mji wa Perth, Peter Malloch, alitoa rili ambayo unaigeuza pembeni ukitaka kurusha, uzi ukatoka kwa ubavuni. Ilifanya kazi, lakini kila mrusho ulikunja uzi. Kisha mwaka 1905 akaja Alfred Illingworth wa Bradford, Uingereza. Bradford ulikuwa mji wa viwanda vya sufu, na Illingworth alikuwa mtu wa viwanda hivyo. Inasimuliwa kwamba alitazama jinsi nyuzi zinavyochomoka kwenye bobini kwa ncha, bobini yenyewe ikiwa imesimama, akajiuliza kwa nini uzi wa kuvulia usifanye hivyo hivyo. Akaunda rili ya spuli isiyozunguka. Baada yake Wafaransa wa Cluses, mji wa watengeneza saa, kwenye kiwanda cha Carpano na Pons, wakatoa rili za Mitchell ambazo baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilienea Marekani. Na Japani, mjini Sakai, kulikuwa na karakana iliyoanza mwaka 1921 kwa kutengeneza friwili za baiskeli. Mafundi wa baiskeli mlio hapa, inaitwaje? Shimano! Naam. Hao hao. Rili walianza kuzishughulikia mwaka 1970.

Kwa hiyo mkishika rili ya spini mmeshika kazi ya watu wa sufu, watu wa saa na watu wa baiskeli. Na inatufaa kwa sababu gani? Kwa sababu chambo tunachorushia besi ni chepesi, gramu tano, saba, kumi. Ile rili nyingine, ya ngoma, inayokaa juu ya rodi, inataka chambo kiwe na uzito wa kuizungusha ngoma. Ukirusha chepesi dhidi ya upepo wetu wa mchana, chambo kinapunguza mwendo, ngoma haijui, inaendelea kumwaga uzi, na unabaki na mtafaruku wa kufumua hadi jioni. Kuna mabingwa wanaoitumia vizuri, nawaheshimu, na kwa chambo kizito katikati ya magogo inawashinda wenye spini. Lakini wewe unabeba mgeni ambaye jana hakujua kushika rodi. Mpe spini. Tena mpini wake unahamishika kulia au kushoto kwa kufungua skrubu moja, na wageni wa mkono wa kushoto wapo.

Tuingie kwenye jambo lililonileta. Breki, ile inayomwachia samaki uzi kidogo kidogo anapovuta, ili usikatike.

Nitawaambia kisa. Mgeni mmoja alikuja na binti yake mdogo, wakapanda boti ya kijana wa hapa, simtaji. Binti alirusha vizuri kuliko baba yake. Chambo kikatua ubavuni mwa mgunga, kikazama kidogo, na besi akakibeba. Mnajua anavyofanya: anapiga mara moja halafu anarudi kwenye matawi. Samaki akavuta. Breki ikakataa. Akavuta zaidi, breki ikaachia ghafla, ikashika tena ghafla, na uzi ukalia pwaa. Mtoto akabaki na rodi nyepesi mkononi. Baba yake akasema uzi ulikuwa mbovu.

Rili ikaletwa kwangu. Uzi ulikuwa mzuri, wa pauni kumi, yaani kilo nne na nusu. Samaki, kwa walivyomwona alipopinduka juu, hakufika kilo mbili. Sasa niambieni nyinyi wenye hesabu: samaki wa kilo mbili anakataje uzi wa kilo nne na nusu?

(Hapa mzee mmoja alijibu: "Kwa hasira." Watu wakacheka. Hakukosea sana.)

Nilipofungua breki nilikuta visahani vyake vya felti, kile kitambaa kinene, vimekauka, na mtu alikuwa amevipaka grisi nzito ya pikipiki. Vilikuwa vimegandana. Ni kama mlango uliovimba kwa mvua: unausukuma, unakataa, unaongeza nguvu, halafu unafunguka ghafla nawe unaanguka ndani. Nguvu ya kuuanzisha ni kubwa kuliko nguvu ya kuuendeleza. Breki mbovu iko hivyo. Umeifunga kwa kilo moja na nusu, lakini kuianzisha inataka tatu, na samaki anaporuka kwa mshtuko, uzi ukiwa mfupi, usio na nafasi ya kunyumbuka, inafika nne, inafika tano. Uzi hauna kosa.

Ndiyo maana nasema anza na breki. Ukiingia dukani usihesabu vitu vilivyoandikwa kwenye boksi. Anza na breki. Usizungushe mpini kwa kasi huku ukitabasamu, kila rili mpya huzunguka vizuri. Anza na breki! Muombe mwenye duka akuruhusu ufunge uzi kidogo kwenye spuli. Kaza kitufe cha breki mpaka uzi usitoke kwa kuvutwa kidogo. Sasa uvute kwa mkono, polepole sana, polepole kama mtu asiye na haraka. Sikiliza kidoleni. Je, unaanza kutoka laini, au kuna mkwamo kwanza? Acha itulie, vuta tena. Vuta haraka, kisha polepole. Breki nzuri haibadiliki tabia. Zungusha kitufe nusu duara uone kama breki inabadilika hatua kwa hatua, au inaruka kutoka ulaini hadi kufunga kabisa. Kitufe kinachoruka hivyo kirudishe kwenye kabati la mwenyewe.

Kuna rili zenye kitufe cha breki mbele, juu ya spuli, na nyingine nyuma. Mimi hupendekeza ya mbele, kwa sababu visahani vyake hukaa ndani ya spuli ambako pana nafasi ya kuwa vipana. Ya nyuma ni rahisi kuifikia wakati samaki yupo, lakini visahani vyake kwa kawaida ni vidogo. Na visahani vyenyewe? Felti iliyotiwa mafuta yake ni laini sana kwa uzi mwembamba na inatosha kwa besi. Kaboni inavumilia joto la samaki anayekimbia mbali, kwa hiyo karpu. Zote mbili ni sawa zikitunzwa. Grisi ya breki ya rili ina aina yake. Ya pikipiki iache kwenye pikipiki.

Na hii namba inayoandikwa kwa herufi kubwa, "breki kilo 10", inawasaidia nini? Uzi wako unakatika kwa nne na nusu. Kilo kumi utaifunga wapi, kwenye nanga? Kinachotakiwa ni breki iliyo tulivu pale chini, kwenye kilo moja mpaka mbili. Kanuni inayotumika ni robo mpaka theluthi ya nguvu ya uzi. Kwa uzi wa pauni kumi, ni kilo moja na kidogo hadi moja na nusu. Maji ya wazi, kaa kwenye robo. Karibu na migunga, panda hadi theluthi, maana pale huna nafasi ya kumpa samaki mita tano, mita mbili tu na amekwisha kukufunga kwenye tawi. Upimaji ni kwa mizani ya ndoano, ile ya springi akina mama wanayotumia kupimia samaki. Pitisha uzi kwenye pete zote za rodi, funga ncha kwenye mizani, inua rodi kama unavyopigana na samaki, mwenzako avute, usome breki inapoachia. Ni kazi ya dakika moja. Wangapi hapa wanaifanya? Mkono juu. Naona mikono miwili, na mmoja unajikuna.

Ukimaliza kazi jioni, legeza breki. Visahani vilivyobanwa usiku kucha, wiki nzima, ndivyo hugandana.

Haya, ukubwa.

Kijana mmoja alirudi kutoka Nairobi na rili namba 6000. Kubwa, nyeusi, yenye dhahabu pembeni. Nikamuuliza ya nini. Akasema: "Fundi, samaki mkubwa anataka mashine kubwa." Akaifunga kwenye rodi ya futi sita na nusu, nyembamba, akaenda kurusha tangu alfajiri. Saa nne alikuwa ufuoni anajikanda kifundo cha mkono. Rodi yake ilikuwa inaelekeza mbinguni kwa sababu uzito wote ulikuwa kwenye kitako. Na kibaya zaidi, hakusikia samaki hata mmoja aliyegusa, ingawa jirani yake kwenye boti ile ile alikuwa anavuta. Kuvua besi kwa mnyoo wa plastiki ni kazi ya kidole. Besi anakinyonya chambo, anakionja, anakitema, na wewe una muda mfupi wa kuhisi. Mzigo mzito mkononi unakufanya kiziwi.

Kwa besi wa hapa chukua 2500 au 3000. Namba hizi hazina sheria ya dunia nzima. Kampuni nyingine huandika 25 au 30, na 3000 ya huyu inaweza kulingana na 2500 ya yule, kwa hiyo tazama spuli na uzito. Ikiwa kati ya gramu 200 na 300, uko mahali pake. Ifunge kwenye rodi utakayotumia, weka kidole kimoja chini ya rodi pale mbele ya rili, uone kama inasimama sawasawa. Rodi ya futi sita na nusu hadi saba yenye ugumu wa kati ndiyo mwenzake.

Nilisema nitamrudia karpu. Kuna siku unamtafuta besi na karpu anakivaa chambo, na wapo wa kilo nyingi. Haruki, hana mbwembwe, anaondoka tu na hataki kusimama. Mwenye uzi mfupi kwenye spuli ndogo ataona chini ya spuli, nayo ni sura mbaya. Kama wageni wako wanamtaka karpu kwa makusudi, wawekee rili nyingine namba 4000 yenye uzi mnene. Usinunue rili moja kubwa itakayowaudhi wote wawili.

Kuhusu gia sitakaa sana. Ukiona 5.2:1, maana yake mpini ukizunguka mara moja, rota, ile sehemu yenye upinde inayozungusha uzi kwenye spuli, inazunguka mara tano na kidogo. Spuli yenye upana wa milimita 45 ina mzingo wa sentimita 14 hivi. Zidisha kwa 5.2, unapata kama sentimita 73 za uzi kwa kila mzunguko. Kwa 6.2 unapata 88 hivi. Tofauti ni sentimita kumi na tano, na faida yake inaonekana pale besi anapokimbilia boti badala ya kukimbia mbali. Uzi unalegea, ndoano inalegea, naye anatikisa kichwa. Gia ya haraka inakusanya ule ulegevu. Ya polepole ina nguvu kwa chambo kinachokokota maji, kama spina kubwa, kile chambo chenye bapa linalozunguka majini, na wenzake. Mwenye uwezo wa rili moja tu achukue ya karibu na sita, basi.

Sasa kuna kitu kidogo, kidogo kuliko punje ya mahindi, ambacho kimewafanya wavuvi watukane viwanda vya uzi bure. Kigurudumu cha uzi. Kiko mwisho wa ule upinde wa waya, pale uzi unapopinda kuingia kwenye spuli.

Kijana mmoja alikuwa akilalamika kwamba uzi wake unajikunja, unatoka kwa vitanzi, unajifunga kwenye pete ya kwanza ya rodi. Akabadilisha uzi. Ukajikunja. Akanunua wa bei zaidi. Ukajikunja. Akahamia uzi wa kusuka, nao ukaanza kuchanika manyoya. Akaniletea akisema ziwa lina chumvi siku hizi! Nikakigusa kile kigurudumu kwa kidole. Hakikuzunguka. Kilikuwa kimejaa matope yaliyokauka, na uzi ulikuwa umekichimba mfereji. Kila mita iliyopita pale ilisuguliwa na kupindwa. Tone moja la mafuta ya cherehani, kila baada ya safari chache, lingemwokolea pesa zote zile. Kwa huyo ilibidi kibadilishwe.

Kwa hiyo dukani, baada ya breki, gusa kigurudumu. Kiweke uzi, ukaze, zungusha mpini, kitazame. Kinazunguka chenyewe? Kinaguna? Ukucha wako unahisi kovu lolote?

Na ninyi wenyewe mnachangia. Baada ya kurusha, fungeni upinde kwa mkono, msizungushe mpini ili ujifunge kwa kishindo. Kisha vuta uzi kidogo uone umekaa kwenye kigurudumu. Na pale samaki anapotoa uzi kwenye breki, acheni kuzungusha mpini! Mgeni akiogopa huzungusha kama anasaga nyama, samaki anatoa uzi, yeye anazungusha, na kila mzunguko unausokota uzi. Mwambie asimame. Ainue rodi, ashushe akizungusha, ainue tena.

Ujazaji wa spuli nao: jaza mpaka zibaki milimita mbili hivi kufika ukingo. Ukijaza pungufu, uzi unasugua ukingo na mrusho unakuwa mfupi. Ukizidisha, unamwagika wote kwa pamoja. Uzi wa kusuka hauna mshiko kwenye spuli tupu, unateleza wote kwa pamoja, na mtu anadhani breki imekufa. Anza na mizunguko kadhaa ya nailoni chini yake. Kwa maji yetu mimi hupenda wa kusuka wa pauni kumi au kumi na tano, na mbele yake mita moja ya uzi wa florokaboni au nailoni, kwa sababu wa kusuka ukisugua gome la mgunga hauna maisha. Mwenye bajeti ndogo asione haya. Nailoni ya pauni nane au kumi, ibadilishwe mapema, inavua besi vizuri. Uzi uliokwisha kusokotwa nao una dawa. Toa chambo, toa ndoano, mwaga uzi mtupu nyuma ya boti kwenye maji ya wazi, nenda polepole kwa muda, kisha uukusanye ukiubana kwa vidole.

Nimalizie na beringi na rili za bandia, ingawa najua baadhi yenu mlikuja kwa ajili ya hili tu.

Boksi moja lilikuja kwangu limeandikwa "beringi 13". Lilikuwa na jina kubwa, ila jina hilo lilikosa herufi moja. Nilipoifungua rili hiyo nikakuta beringi za kweli chache, na palipobaki vipete vya plastiki. Ningesema nini? Mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu na risiti. Lakini hata zingekuwa kumi na tatu za kweli, je, zingemvulia? Beringi nne au tano nzuri, kwenye gia kubwa, kwenye mhimili na kwenye kigurudumu cha uzi, zinashinda kumi na tatu za bati. Idadi ni ya kuuzia. Angalia badala yake hivi: shika rili, jaribu kuuzungusha mpini kinyume, uone unacheza kiasi gani. Usicheze. Shika rota uitikise, isigonge mwili. Bana mwili wa rili kwa mkono huku ukizungusha. Mwili wa plastiki laini hupinda, gia zinakosana, utasikia mlio. Alumini au plastiki ngumu yenye kaboni haitapinda.

Na ulizeni swali ambalo wauzaji hawalipendi: upinde huu ukivunjika, nitapata wapi mwingine? Spuli ya ziada ipo? Mpini? Mimi bisibisi ninayo, mikono ninayo, lakini siwezi kuchonga gia. Afadhali mtindo wa miaka mitano iliyopita ambao vipuri vyake vipo, kuliko wa mwezi jana usio na ndugu. Kuna rili kuukuu za Mitchell ambazo bado zinaletwa kwangu, mali ya mababu, na nikizisafisha zinafanya kazi. Za mitumba kutoka Pwani ziangalieni kwa makini zaidi. Fungua spuli, tazama mhimili na skrubu. Ukiona unga mweupe au kutu, chumvi imekwisha kuingia, na ndani kuna habari mbaya kuliko nje.

Kuhusu bei, kijana wa pale mbele ameuliza kama anunue ya bei ya chini mbili au ya kati moja. Ya kati moja, na ubakize pesa ya uzi mzuri. Mama mwenye kitambaa cha kijani ameuliza kama mtoto wa miaka minane aanze na ipi. Namba 1000 au 2000, rodi ya futi tano na nusu, breki umwekee wewe na umkataze kukigusa kitufe.

Saa inakwenda na naona mianzi ya pale imeanza kuinama. Mizani ya ndoano iko hapa mezani, pamoja na chupa ya mafuta ya cherehani na koleo. Mliokuja na rili zenu pangeni mstari, tuanze na wenye wageni wa saa tisa. Mmoja ashike rodi, mwenzake avute, mimi nasoma. Haya, wewe mwenye kofia nyekundu, lete hiyo. Nani aliikaza hivi?